Tuzo ya Uaminifu Hailipiwi Meza

Wapambanaji, msimu wa tuzo umefika. Kama una akaunti ya biashara Instagram na wafuasi wameanza kuchangamka, jiandae kupokea ile meseji: hongera, biashara yako imeteuliwa kuwania tuzo ya muuzaji mwaminifu wa mwaka. Inakuja na nembo ya dhahabu na picha ya ukumbi wenye mataa. Ukishafurahi, ukishamrushia dada yako, ndipo inakuja meseji ya pili. Ada ya ushiriki. Meza ya ukumbini. Na kama unataka kupanda jukwaani upigwe picha na ngao, kuna nyongeza.

Mwaka huu nimepata mbili. Wa kwanza nilimuuliza majaji ni nani na wanapima nini. Akasema vigezo atanitumia kesho, na hiyo kesho bado haijafika. Wa pili alianza na laki tatu na nusu. Nilipomuuliza swali lilelile akanishushia hadi laki mbili, kama vile tunagombania kiatu cha mtumba. Mimi nauza madera na vitenge. Laki tatu na nusu kwangu ni mzigo wa kujaza begi, na huo mzigo ukiisha unazaa mwingine. Ngao ya plastiki haizai.

Msimamo wangu nauweka wazi: mtu akikutambua kwa uaminifu halafu akakupa bei, amekuuzia tangazo. Kununua tangazo si dhambi, sote tunalipia matangazo. Lakini lipa bei ya tangazo na uliite tangazo. Ukiandika kwenye bio yako "mshindi wa tuzo ya uaminifu" wakati unajua ulilipia, umeshamdanganya mteja kabla hajauliza bei.

Wala tusidhani ni mambo ya huku kwetu tu. Marekani kuna taasisi inaitwa Better Business Bureau, mizizi yake ni ya mwaka 1912, haifanyi kazi kwa faida, na kazi yake ni kumsaidia mteja kujua nani wa kuaminika. Inapokea malalamiko na inazipa biashara madaraja kuanzia A+ hadi F, kama matokeo ya mtihani. Mwaka 2010 kipindi cha uchunguzi cha televisheni ya ABC kikaanika aibu. Wafanyabiashara wa Los Angeles waliokuwa na mashaka walisajili kampuni isiyokuwepo, wakaipa jina la Hamas, wakalipa dola 425. Kampuni hewa, yenye jina hilo, ikapewa A-. Wakati huohuo baadhi ya biashara za mpishi maarufu Wolfgang Puck, ambaye hakutaka kulipa, zilikuwa na F. Kelele zikawa kubwa mpaka taasisi ikaacha kuwapa nyongeza ya alama wanachama wanaolipa, na mwaka 2013 ikalifukuza tawi lake la eneo hilo. Fikiria: karibu miaka mia moja ya jina zuri, ikatikiswa na kampuni isiyokuwa hata na ofisi.

Ila hapa kuna jambo ambalo sitaki tulipite. Taasisi hiyohiyo ina tuzo za maadili zinazoitwa Torch Awards. Matawi yake huzitoa kwa biashara za maeneo yao, zikiwemo ndogo kabisa, na kwa mashirika yasiyo ya faida pia. Mambo wanayoyaangalia ni manne. Tabia ya kiongozi. Jinsi wafanyakazi wanavyotendewa. Jinsi mteja anavyotendewa. Na kile ambacho jamii inayokuzunguka inapata. Mwombaji anaeleza kwa maandishi na mifano: lini ulipata hasara kwa sababu ulichagua kusema ukweli? Mfanyakazi wako akikosea nini kinafuata? Maswali ya namna hiyo huwezi kuyajibu kwa kukodi suti.

Na hapa nyumbani tunao wa kuwatazama. Iringa mjini kuna Neema Crafts, kazi ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana. Ilianza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi wakitengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Ndiyo, kinyesi cha tembo, na hizo kadi zinanunuliwa. Leo wenye ulemavu wengi wanafanya kazi pale, wanafuma, wanashona, wanatengeneza shanga, na kwenye mgahawa wao wahudumu ni viziwi, unaagiza kwa kuandika au kwa ishara. Watu wanaisifia nchi nzima na nje, na sababu ya kuisifia unaweza kwenda kuiona kwa macho, ukanywa na kahawa. Huo ndio utambuzi ninaouheshimu, wa kitu ambacho mtu yeyote anaweza kufika na kukikagua.

Wapo pia WFTO, chama cha dunia cha biashara ya haki. Wana kanuni kumi, mojawapo ni uwazi, nyingine malipo ya haki kwa aliyetengeneza bidhaa, nyingine hakuna ajira ya mtoto. Mwanachama anajipima mwenyewe kwanza kwa maandishi, kisha anatembelewa na wenzake wa biashara, kisha anakuja mkaguzi. Ni safari ndefu na kwa sisi wa kuuza kwenye status ya WhatsApp haituhusu kwa sasa. Nimeitaja kwa sababu ya hiyo hatua ya katikati, ya kutembelewa na wenzako. Hebu jiulize, muuzaji mwenzako wa madera akipewa simu yako kwa saa moja asome meseji zako na wateja, atatoka anakusifia?

Maana kesi yetu iko kwenye simu. Mteja wa Tunduma anatuma elfu arobaini kwa mtu ambaye hajawahi kumwona, dukani kwake hapajui, jina pekee analolijua ni lile linalotokea kwenye muamala. Hiyo ni imani kubwa kuliko ya mteja wa Kariakoo anayeishika nguo, anaivuta, anainusa. Na wengi wetu tunaichezea. Ndiyo maana siku hizi kila mteja mpya anaanza na "mimi nalipa nikipokea", na yule mwaminifu anabeba mzigo wa waliokula hela.

Nianze na "bei njoo DM". Najua sababu zenu, mshindani asione, mteja azoeane na wewe kwanza. Sikubaliani. Bei ikijificha, kinachofuata mara nyingi ni kumpima mteja kwa picha ya profaili yake, aliye Masaki anatajiwa yake na wa Mbagala yake. Mimi bei naiweka kwenye posti, na gharama ya kutuma naiandika pembeni kwa sababu hapo ndipo watu wanapochomekewa. Wapo walionikimbia kwa kuona bei. Sawa, wangekimbia hata DM, na muda wangu wangekuwa wameshaula.

Picha nayo. Kuchukua picha ya gauni la watu mtandaoni, ukaandika "mzigo mpya umeingia", wakati ulichonacho ni kitu cha kufanana kwa mbali, hapo hakuna cha kujadili. Piga picha ya kile utakachotuma. Mwanga mbaya, ukuta una nyufa, haidhuru. Rangi ikitoka tofauti kwenye kamera, sema "kwa macho ni nyekundu iliyoiva zaidi". Sentensi moja hiyo inakuokoa na ugomvi wa siku tatu.

Mzigo wa mkoani: risiti ya basi ipigwe picha na itumwe siku ileile, na jina la basi na namba ya simu ya ofisi ya upande wa kupokelea. Mzigo ukipotea njiani, mteja hakuajiri basi, uliyelichagua ni wewe. Wauzaji wengi wananipinga hapa, wanasema tukibeba kila hasara tutafunga. Mimi nasema weka kidogo kwenye gharama ya kutuma kwa ajili ya siku hiyo, na umwambie mteja kwamba umeweka. Hela ya kurudisha irudi yote, na makato ya muamala yawe juu yako kama kosa ni la kwako.

Kuna jingine ambalo watu wazuri tu wanalifanya bila kufikiri. Ushuhuda. Mteja anakutumia "asante dada, nguo nimeipenda", unapiga picha ya skrini, unaiweka status na namba yake inaonekana, na pengine hata mtaa anaokaa. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022. Namba ya simu ya mtu ni taarifa yake, si pambo la ukurasa wako. Muombe ruhusa, na hata akikubali, ziba jina na namba. Ajabu ni kwamba tunatangaza kwamba tunaaminika kwa kutumia kitu tulichokichukua bila kuomba.

Na wale tunaowalipa? Tunaongea sana kuhusu mteja kwa sababu mteja anaweza kutuchafua hadharani. Yule binti anayekufungashia mizigo hadi saa nne usiku hana ukurasa. Fundi cherehani anayekushonea kwa bei ya jumla na unamlipa "mzigo ukitoka" hana ukurasa. Boda anayezungushwa na mteja asiyepokea simu, akarudi na mzigo ukakataa kumlipa ile safari, naye hana ukurasa. Nikiwa jaji wa tuzo ya uaminifu ningeanza na hao watatu, wateja ningewaita mwisho.

Sasa niguse la michango, na najua nitawakera baadhi. Siku hizi ni kawaida kuona "asilimia kumi ya mauzo ya mwezi huu inakwenda kwa watoto yatima". Moyo mzuri. Lakini kituo gani? Mauzo au faida? Lini? Mteja anaponunua dera kwako badala ya kwa jirani kwa sababu ya hiyo sentensi, hela ile ya yatima imeshakuwa hela ya watu, wewe umeishika tu. Mashirika yaliyosajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 yanatakiwa kupeleka taarifa zao kila mwaka, na hesabu zilizokaguliwa. Wao wanahesabiwa, na wewe uliyekusanya kwa jina lao utaje kituo kabla ya kuanza kuuza, kisha uweke stakabadhi waliyokupa, yenye muhuri. Picha za watoto wameshika mifuko ya unga zibaki huko, hawakuja pale kukutangazia nguo. Kama huwezi kupata stakabadhi, toa sadaka yako kimya, na Mungu anaona.

Mtu ataniambia: "Sawa, lakini ngao inaleta wateja, hizo stakabadhi zako nani atazitazama?" Kweli ngao ina mvuto, sikatai. Ila ngao inamleta mteja mara ya kwanza, na mara ya kwanza hata picha nzuri inamleta. Mimi ninaishi kwa mteja wa mara ya nne na shoga yake.

Na kama shida yako ni kupata alama ya kuonyesha, hasa nyie mnaouza vitu vya kula na kujipaka, siagi ya karanga, viungo, asali, sabuni, ipo alama ambayo mteja anaijua hata kijijini. Ni ile ya TBS. Hiyo inapimwa maabara, na kuitumia bila leseni ni kosa kisheria. Wengi wanaiogopa wakidhani ni ya viwanda vikubwa, wakati mjasiriamali mdogo anayepitia SIDO gharama za mwanzo hubebwa na serikali. SIDO wana ofisi kila mkoa wa Bara. Nenda na bidhaa yako kama unavyoiuza, na kifungashio chake na lebo yake, eleza unatengenezea wapi, na uombe barua ya utambulisho ya kwenda TBS. Usiende Ijumaa mchana.