Deni la Ubaoni

Wenzetu wengi, tukizungumza habari za kriketi jioni pale Kariakoo, hushikilia kwamba apigaye nyuma ndiye mwenye nafuu, kwa kuwa deni lake limekwisha kuandikwa ubaoni. Mimi sikubali. Deni lijulikanalo ndilo liondoalo usingizi. Karani aliyepata kukopa dukani kabla ya mwisho wa mwezi atanielewa.

Yafaa tukumbuke tarehe 29 Februari 1996, huko Pune, Bara Hindi, katika Kombe la Dunia. Kenya walipiga kwanza, wakatolewa wote kwa mbio 166. Katika hizo, 37 zilikuwa za ziada, hazikutoka katika gongo la mtu. Watupaji wa West Indies hawakuwa na hesabu ya kulinda, na nadhani mikono yao ililegea.

Basi West Indies wakadaiwa mbio 167 kwa mipira 300. Si kitu kwa watu wale! Walakini Lara alipotoka na mbio 8, ubao ukawa mzito. Arthurton akakatwa mbioni kabla hajapata hata moja. Wote wakaisha kwa mbio 93, na wawili tu ndio waliofikia 10.

Ubao uliwabana Kenya pia, maana akiba yao ilikuwa haba. Bali mwenye akiba haba huhesabu kila senti: Odumbe alitoa mbio 15 tu katika ova 10, akatwaa wiketi 3.

Timu yetu ya makarani ikishinda kura Jumamosi, nitaomba tupige kwanza.