Tunasuka Kamba za Mbwa, na Hatuombi Msamaha

Tangu tuanze kutengeneza vichezeo vya mbwa hapa Nakivale, maneno yamekuwa mengi. Eti watu hawana posho, vijana wanachezea mbwa. Eti tumeiga wazungu. Eti pesa hiyo tungewapa wajane kwanza. Tumenyamaza vya kutosha, leo tunajibu.

Kwanza mjue tunachofanya, juu wengi wanaongea bila kuona. Tunakusanya tisheti zilizochakaa, zile hata muuza mitumba hazitaki tena. Tunakata vipande virefu, tunashika vitatu vitatu, tunasuka kama nywele, tunafunga fundo nene kila upande. Mbwa anavuta, anatafuna, anachoka, analala. Vifungo na zipu tunatoa vyote, juu mbwa akimeza anaweza kufa. Mipira ya mifuko ya plastiki, ile watoto wetu wanapiga barabarani, hatuwatengenezei mbwa kwa sababu hiyohiyo. Mtaji wetu ni makasi na jioni moja.

Wanaonunua ni watu wa Mbarara na Kampala wanaofuga mbwa nyumbani. Basi tuulizane: hiyo pesa imetoka kwenye sahani ya mjane gani? Bila kamba zetu isingefika hapa hata shilingi moja. Ikifika, inalipia chanjo ya kichaa cha mbwa, na dawa za mbwa waliovunjwa miguu au waliotupwa.

Wewe unayesema mbwa anakula pesa ya binadamu, sikiliza vizuri. Kichaa cha mbwa kinaua watu wanaokadiriwa 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia. Karibu wote wameumwa na mbwa. Katika kila watu 10 wanaokufa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Na dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona, awe tajiri wa mjini au mkimbizi wa kambini. Nani anatembea peke yake kwenda kuchota maji alfajiri? Nani anapita na mbuzi kwenye vichaka? Ni mtoto wako na mtoto wetu. Chanjo ya mbwa wa jirani ni ulinzi wa huyo mtoto.

Wengine dawa yao ni mawe na sumu. Ua mbwa wote, shida imekwisha! Haiishi. Ukiua wa hapa, wanakuja wengine kutoka kule, hawajachanjwa, na pengine umeshaua hata yule aliyekuwa amechanjwa. Sumu yenyewe haichagui: kuku anaokota, mtoto anashika. Shirika la Afya Duniani linasema ukichanja mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Tazameni Pemba, kisiwa cha Waswahili wenzetu. Walichanja mbwa, ugonjwa ukatoweka. Uliporudi mwaka 2016 wakachanja tena kisiwa kizima, ukatoweka tena. Hawakuhitaji muujiza.

Sasa hii ya kuiga wazungu. Babu zetu kule Kongo waliingia msituni na mbwa aliyefungwa njuga ya mti shingoni ili wasimpoteze. Walimjua kwa jina na walimgawia nyama. Muzungu gani aliwafundisha? Hata hapa, nani anafukuza nyani kwenye mahindi yako? Nani anabweka usiku mwizi akikaribia mbuzi? Unataka kazi yake, lakini akiumia unamwita uchafu. Hiyo ni dhuluma, tuiite kwa jina lake.

Lakini tunajua kinachowauma wengi kiko ndani zaidi. Mkimbizi amezoeshwa kupanga mstari na kupokea. Akitoa kitu chake mwenyewe watu wanashangaa: wewe usiye na kitu, unatoa nini? Tunatoa mikono, ndugu zetu. Posho wanaweza kuipunguza, na wameipunguza. Huruma yetu haiko kwenye kadi ya mtu yeyote. Na kijana aliyejifunza kutotupia mawe kiumbe asiyeweza kumjibu, hata mjane atamheshimu.

Wazee wetu, hatuwalazimishi kupenda mbwa. Tunaomba mambo matatu. Tisheti mbovu usichome, tuletee. Siku ya chanjo ikitangazwa, mlete mbwa wako akiwa amefungwa kamba. Na mtoto akiumwa, msingoje wala msitafute mganga: osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu kituo cha afya siku hiyohiyo.

Anayetaka kubishana, karibu. Aje Jumamosi, abishane huku anasuka.