Koltani inapimwa mionzi, mchimbaji wake hapimwi

Kabla koltani haijapakiwa melini, sampuli yake inachukuliwa na kupimwa kiasi cha urani na thori kilichomo. Kanuni za kimataifa za usafirishaji ndizo zinazodai hivyo. Ikipita kiwango cha bekereli 10 kwa kila gramu, shehena inahesabiwa kuwa bidhaa ya mionzi, inabandikwa alama, na kampuni nyingi za meli hazipendi kuibeba. Kwa hiyo msafirishaji anajua kilichomo ndani ya gunia. Bandari inajua. Kiwanda cha ng'ambo kinachonunua kinajua pia, na kinakihesabu katika bei. Mara nyingi asiyeambiwa kitu ni yule aliyeitoa ardhini, katika vilima vya Ngungu, Rubaya na Numbi.

Hilo ndilo kosa linalopaswa kurekebishwa Masisi, na dawa yake haianzi na mashine za gharama kubwa. Inaanza na mwalimu.

Kazi ya mwalimu huyo si ndoto, na kuna mahali inafanywa kila siku. Jeshi la majini la Marekani lina karakana nne kubwa za meli: Norfolk, Portsmouth, Puget Sound na Pearl Harbor. Humo zinatengenezwa nyambizi zinazoendeshwa kwa nguvu za nyuklia. Fundi wa kuchomelea chuma, hata awe na ujuzi wa miaka 20, haruhusiwi kuingia sehemu yenye mionzi kabla ya kupita mikononi mwa mwalimu wa usalama wa mionzi. Anafundishwa kupunguza muda wa kukaa karibu na chanzo cha mionzi, kuongeza umbali, na kuweka kinga katikati. Anazoezwa kuvaa na kuvua nguo za kazi bila kusambaza vumbi. Anapewa mtihani. Akiingia kazini anavaa dosimita, kifaa kidogo kinachorekodi mionzi aliyoipata, na kumbukumbu zake zinahifadhiwa.

Utaratibu huo una sababu. Tarehe 10 Agosti 1985, katika ghuba ya Chazhma karibu na Vladivostok, mafundi wa Umoja wa Kisovyeti walikuwa wakibadilisha fueli ya nyuklia ya nyambizi K-431. Kifuniko cha tanuri kiliinuliwa vibaya, tanuri likalipuka, na watu 10 wakafa. Mahali penye mionzi, hatua moja iliyofanywa bila kufuata utaratibu inatosha kuua.

Masisi hakuna tanuri la nyuklia. Gunia la koltani haliwezi kulipuka, wala halimuui mtu siku hiyo hiyo. Anayetangaza kwamba kugusa koltani ni kufa anadanganya, na uongo wa namna hiyo unawafanya watu wakatae hata ukweli. Lakini ukweli wenyewe si mdogo. Ndani ya madini haya kuna urani na thori, ambavyo havionekani wala havinuki. Kuyaosha kwa maji ya mto hakuviondoi. Kadiri mchanga unavyoondoka na madini mazito kubaki, ndivyo na mionzi inavyokusanyika katika kile kinachobaki.

Mwaka 2007, jarida la kisayansi la Journal of Radiological Protection lilichapisha utafiti juu ya wachimbaji wadogo wa koltani wa mashariki mwa Kongo. Watafiti walionyesha kwamba kiasi cha mionzi kwa mchimbaji kinaweza kufikia milisivati 18 kwa mwaka. Kikomo kinachopendekezwa kimataifa kwa mtu anayefanya kazi na mionzi ni wastani wa milisivati 20 kwa mwaka, na kwa raia wa kawaida ni 1 tu. Maana yake ni kwamba kijana wa Masisi anaweza kukaribia kikomo cha wafanyakazi wa nyuklia bila darasa, bila dosimita na bila jina lake kuandikwa popote. Hatari kubwa iko katika kutwanga na kuchekecha, pale vumbi linapoingia mapafuni. Kubeba gunia begani kuna hatari ndogo zaidi.

Historia ya nchi hii inajua bei ya ukimya. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe, katika Katanga, na waliochimba hawakuambiwa walichokuwa wanachimba wala kwa nini. Hata Marekani yenyewe, inayolinda mafundi wa karakana zake, iliwaacha wachimbaji wa urani wa kabila la Navajo wavute gesi ya radoni miaka mingi bila kuwaonya. Wengi waliugua saratani ya mapafu. Mwaka 1990 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuwalipa fidia, na kwa wengi fidia hiyo ilipokelewa na wajane. Elimu ilikuwepo muda wote. Ilitolewa kwa mfanyakazi ambaye mwajiri aliogopa kumpoteza, wengine wakanyimwa.

Wapo watakaosema kwamba huu si wakati wake. Rubaya imekuwa mikononi mwa M23 tangu mwisho wa Aprili 2024. Ngungu imeona watu wakikimbia na kurudi mara nyingi mno. Mashimo yanaporomoka na kuzika vijana wakiwa hai. Mama anayetafuta unga wa leo, atahangaika vipi na ugonjwa wa miaka 20 ijayo?

Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau jambo moja. Mafunzo haya hayamwombi mchimbaji aache kazi wala anunue kitu cha dola mia. Karibu kila kinachopunguza mionzi kinapunguza pia hatari anazoziona leo. Vumbi lenye urani ndilo hilo hilo linaloharibu mapafu kwa chembe za mawe na kumwacha kijana wa miaka 30 akikohoa kama mzee. Shimo lenye njia ya hewa linatoa radoni, na pia linampunguzia mchimbaji hatari ya kukosa pumzi. Mwenye kumwagia maji madini kabla ya kuyatwanga anajikinga na magonjwa mawili kwa ndoo moja.

Somo lenyewe linaweza kumalizika kwa asubuhi moja. Madini yatwangwe yakiwa na maji, nje, na mtu akae upande upepo unakotokea. Kinu kilichotwanga koltani kisirudi jikoni kutwanga sombe. Gunia lisigeuzwe mto wa kulalia wala kuwekwa chumba wanacholala watoto. Mikono ioshwe kabla ya kula, na chakula kisiliwe shimoni. Nguo za kazi zibaki mlangoni, zifuliwe peke yake. Mama mwenye mimba na mtoto wasikae mahali pa kutwanga na kuchekecha. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji umeme au ruhusa kutoka Kinshasa.

Walimu wako wapi? Wako karibu kuliko inavyodhaniwa. Fundi wa eksirei katika hospitali yoyote kubwa ya Goma au Bukavu amejifunza muda, umbali na kinga. Wauguzi wa vituo vya afya wanaweza kufundishwa naye kwa siku chache. Wao nao wawafundishe viongozi wa kooperativa, ambao wanajua kuongea na wachimbaji kwa lugha yao. Redio za jamii, ambazo watu wanazisikiliza hata msituni, zinaweza kurudia somo hilo kila jioni.

Kongo haiwezi kusema mionzi ni mambo ya wageni. Mwaka 1959 Kinshasa ilipata tanuri la kwanza la nyuklia la utafiti barani Afrika. Sheria namba 017/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 inahusu kinga dhidi ya hatari za mionzi, na nchi ina kamati ya taifa ya kazi hiyo, CNPRI. Wataalamu wapo na karatasi zipo. Kilichokosekana ni njia ya kutoka ofisini hadi ukingoni mwa shimo.

Kuhusu gharama, aliye wa kwanza kulipa awe yule anayepata faida. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika Desemba 2024 kwamba ushuru wa koltani ya Rubaya ulikuwa ukiwaingizia M23 karibu dola 800,000 kila mwezi. Kusema hivyo hakumpi mtu yeyote haki ya kukusanya ushuru kwa bunduki. Ni kukumbusha kwamba fedha zinatoka katika jasho la wachimbaji, na kwamba anayezichukua, awe nani, hawezi kudai kwamba afya yao haimhusu. Nyumba za kununua madini nazo zina wajibu. Kipimo cha mionzi wanachokifanya kwa ajili ya meli wakirudishe kwa kooperativa iliyoleta mzigo, kwa maneno yanayoeleweka. Hilo haligharimu zaidi ya karatasi moja.

Vita vya Masisi vitakwisha siku moja, na siku hiyo watu watahesabu waliouawa kwa risasi na kwa maporomoko. Waliovuta vumbi hawatakuwa katika hesabu hiyo, kwa sababu ugonjwa wao utakuwa ndio kwanza unaanza. Serikali, wanaoishika ardhi leo na wanunuzi hawahitaji kungoja hadi wakati huo. Namba zimo tayari katika vyeti vya mizigo inayotoka. Zipelekwe Ngungu, na mtu wa kuzieleza aende nazo.