Taa ya Sinema Ikikataa Kuwaka

UKURASA WA BWANA SHAMBA

Ndugu msomaji,

Mwezi huu sitaanza na jembe. Nitaanza na taa. Lakini mwisho tutarudi shambani, kwenye mihogo yako. Soma polepole. Ukimaliza, jibu maswali yaliyo chini.

Jioni moja ya mwezi wa Februari tulikwenda katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Pangani kuonyesha sinema. Sinema hiyo ilihusu ugonjwa wa mihogo unaoitwa michirizi ya kahawia. Masika yalikuwa karibu. Watu walikuwa wakitayarisha mashamba na kutafuta pingili za kupanda. Mtu akipanda pingili zenye ugonjwa, kazi ya mwaka mzima inaweza kupotea. Kwa hiyo sinema ile haikuwa ya kucheka tu.

Tulitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa shule. Watoto walikaa mbele. Wazee waliletewa viti. Jenereta ikanguruma. Tukawasha projekta, yaani mashine ya kuonyesha picha. Feni yake ikazunguka. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Tukangoja.

Taa kubwa haikuwaka. Siku nyingine, taa hiyo inapotaka kuwaka, tunasikia mlio mdogo ndani ya mashine. Siku hiyo hatukusikia kitu. Baada ya muda taa ndogo nyekundu ikawaka na mashine ikajizima.

Mara kila mtu akawa fundi. Mmoja alisema, "Jenereta ni bovu." Mwingine alisema, "Globu imeungua, nunueni nyingine." Mwingine alitaka tuipigepige mashine ubavuni.

Ndugu msomaji, globu ya projekta ina bei kubwa. Kama tungelifuata neno la kwanza, tungetupa fedha. Kama tungeipiga mashine, tungeivunja.

Umeme ni kama maji ya mfereji

Hatukuwa na mchoro wa nyaya za mashine ile. Mafundi wengi pia hawana. Lakini kosa linaweza kutafutwa bila mchoro, kama ukijua njia ya umeme.

Wakulima wa mpunga wa Mombo wanalijua jambo hili. Maji yasipofika kwenye jaruba, huwezi kuulaumu mpunga. Unaufuata mfereji. Unakwenda katikati yake na kutazama. Kama maji yapo hapo, kosa liko chini yako. Kama hayapo, kosa liko juu yako. Unagawa tena, na tena, mpaka unafika mahali penye tundu.

Umeme wa projekta nao una mfereji wake. Unatoka kwenye jenereta. Unapita katika waya mrefu mpaka kwenye plagi. Unaingia katika kisanduku cha kwanza ndani ya mashine, ambacho huendesha feni na taa ndogo. Kisha unaingia katika kisanduku cha pili. Hicho ndicho hulisha globu. Mwisho unafika kwenye globu.

Sasa fikiri. Feni ilizunguka. Maana yake umeme uliingia katika mashine. Basi jenereta, waya mrefu na plagi havikuwa vya kulaumiwa kwanza. Kosa lilikuwa mbele zaidi.

Hatua tulizofuata

1. Tulitazama na kusikiliza kabla ya kugusa. Tuliandika kwenye karatasi: feni inazunguka, taa ya kijani inawaka, hakuna mlio, kisha taa nyekundu. Fundi anahitaji habari hizo.

2. Tulipima umeme kwa mita wakati mashine inafanya kazi. Usipime jenereta ikiwa haina mzigo. Waya mrefu na mwembamba unaweza kuonyesha umeme mzuri, lakini ukipewa kazi umeme unapungua. Sisi tulipata volti 225. Zilitosha.

3. Tulizima na kuchomoa plagi. Tukaiacha mashine ipoe. Globu ya projekta ni ya moto sana. Kungoja saa nzima si kupoteza wakati.

4. Tulitazama kifuniko cha globu. Katika mashine nyingi kuna swichi ndogo chini yake. Kifuniko kisipokaa sawa, mashine hainyoshi umeme kwenye globu. Kifuniko chetu kilikaa sawa.

5. Tulitazama chujio la vumbi. Vumbi likijaa, mashine inapata joto na kujizima. Letu lilikuwa na vumbi kidogo. Tulilisafisha.

6. Tuliitazama globu bila kugusa kioo chake. Haikupasuka. Haikuwa nyeusi. Vyuma vyake vya kupokea umeme havikuungua.

Hapo tukasimama. Nitakueleza sababu.

Mahali pa kusimama

Ndugu msomaji, usifungue kisanduku kinacholisha globu ya projekta. Globu hiyo si kama ya nyumbani. Ili iwake, kisanduku huipiga kwa maelfu ya volti kwa muda mfupi sana. Tena, katika mashine nyingi, umeme wa volti kama 380 huingia katika kisanduku hicho. Ndani mna vitu vinavyoitwa kapasita. Kapasita huweka umeme kama mtungi unavyoweka maji. Hata ukichomoa plagi, umeme unaweza kubaki humo. Unaweza kumuua mtu.

Globu yenyewe ina zebaki ndani yake. Zebaki ni sumu. Globu ikipasuka, toeni watu ndani, fungueni madirisha, msivute hewa yake.

Mwanakijiji anaweza kutazama, kupima kwenye plagi, kusafisha chujio, na kufunga kifuniko vizuri. Zaidi ya hapo ni kazi ya fundi.

Kisu badala ya sinema

Tulipokuwa tunangoja mashine ipoe, bibi mmoja alisimama. Aliniambia, "Bwana Shamba, mwanangu, huo ugonjwa hauonekani mpaka kwa mashine?"

Nilimjibu, "Hapana, bibi. Unaonekana hata kwa kisu."

Alimtuma mjukuu wake shambani, nyuma ya shule. Kijana akarudi na mihogo ya mashina matatu. Alituambia kwamba mashina yote yalikuwa na majani mazuri. Tuliikata mihogo ile vipande kwa mwanga wa chemli. Ya mashina mawili ilikuwa myeupe. Ya shina la tatu ilikuwa na mabaka ya kahawia, magumu na makavu, kutoka nje mpaka katikati.

Watu wakanyamaza. Kisha mzee mmoja akauliza, "Mbona juu lilikuwa zima?"

Hilo ndilo jambo ambalo sinema ilitaka kulionyesha. Michirizi ya kahawia hujificha. Mara nyingine majani ya chini huwa na manjano kando ya mishipa. Mara nyingine shina bichi huwa na michirizi. Lakini mara nyingine mmea unaonekana mzuri, na mihogo imeoza chini.

Basi unapovuna, kata mihogo ya kila shina na uitazame. Chukua pingili kwa shina lenye mihogo safi, shina safi na majani safi tu. Shina lenye mabaka usilipande, wala usimpe jirani. Ugonjwa huu husafiri kwa pingili, na pia huenezwa na nzi weupe. Kuchagua hivyo hakumalizi ugonjwa, lakini kunaupunguza. Pia muulize Bwana Shamba wako juu ya mbegu inayovumilia, kama Kiroba.

Fundi bila mchoro

Siku ya pili tuliazima globu nzima ya mashine kama ile. Tulibadilisha globu tu, hatukubadilisha kitu kingine. Hii ni kanuni kubwa: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu, hutajua kipi kilikuwa kibovu.

Globu nzima nayo haikuwaka. Basi tukajua kwamba kosa halikuwa la globu. Kama tungenunua mpya, tungekuwa na globu mbili na giza lile lile.

Tuliipeleka mashine kwa fundi mjini Tanga. Naye hakuwa na mchoro. Nilimtazama akifanya kazi. Alichomoa plagi na kungoja. Kisha alipima kapasita kwa mita ili awe na hakika kwamba hazina umeme. Hakuamini macho yake tu.

Akaanza kwenye globu na kurudi nyuma. Aliniambia, "Waya nene zinabeba nguvu. Waya nyembamba zinabeba amri." Alizifuata waya nene mpaka kwenye kisanduku cha globu. Mlangoni mwa kisanduku alikuta fyuzi. Alipima. Ilikuwa imekatika.

Mimi nilifurahi. Nilidhani kazi imekwisha. Lakini fundi alisema, "Fyuzi haifi bure. Nikiweka nyingine sasa, itakufa tena." Alipima vitu vilivyo nyuma ya fyuzi. Alikuta transista mbili zinapitisha umeme moja kwa moja, kama mfereji uliobomoka ukingo. Alizibadilisha, kisha akaweka fyuzi ya kiasi kile kile. Hakuweka kubwa zaidi, wala hakuweka kipande cha waya.

Mara ya kwanza hakuipa mashine umeme wote. Aliupitisha umeme katika globu ya kawaida ya nyumbani, ya aina ya zamani yenye uzi ndani. Kama kosa lingekuwapo bado, globu hiyo ingewaka sana na kubaki hivyo, na mashine isingeungua. Globu iliwaka kidogo, ikafifia. Ndipo akaipa mashine umeme wake. Tukasikia ule mlio mdogo. Taa ikawaka.

Malipo yake yalikuwa madogo kuliko bei ya globu mpya.

Si jambo jipya Tanga

Sinema ya mashambani ilifika kwetu zamani. Kati ya mwaka 1935 na 1937 kulikuwa na kituo cha kutengeneza sinema huko Vugiri, katika milima ya Usambara. Waingereza wawili, Notcutt na Latham, walikiongoza. Kilitengeneza sinema zaidi ya 30, na baadhi zilikuwa za kilimo na afya. Lori lao lilizunguka Tanganyika, Kenya na Uganda, na hata nchi ambazo leo ni Malawi na Zambia. Sauti ilitoka kwenye sahani za santuri.

Katika miaka hiyo hiyo na milima hiyo hiyo, kwenye kituo cha utafiti cha Amani, mtaalamu Storey aliueleza ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Ilikuwa mwaka 1936. Ugonjwa huo bado tunao.

Matunzo

Kama kijiji chenu, shule yenu au banda lenu la video lina projekta, kumbukeni haya:

– Washa jenereta kwanza. Ikitulia, ndipo uchomeke projekta.
– Tazama mafuta kabla ya kuanza. Jenereta isizimike katikati ya sinema.
– Sinema ikiisha, zima projekta kwa swichi yake. Iache feni izunguke mpaka isimame yenyewe. Ndipo uzime jenereta. Wengi huzima jenereta upesi ili kuokoa mafuta, na globu huharibika kwa joto.
– Safisha chujio mara kwa mara.

Na taa yako ya sola ikikataa kuwaka, fuata njia ile ile: bamba, waya, betri, swichi, globu. Usinunue kitu kabla ya kujua umeme umekatikia wapi.

Tulirudi kijijini wiki ya pili ya Machi. Masika yalikuwa hayajaanza. Taa iliwaka na sinema ilionekana mpaka mwisho. Watu wengi walikuja na mihogo yao mkononi, imekwisha kukatwa. Yule bibi alikuwa amekwisha kutenga pingili zake.

Maswali

1. Feni ilizunguka lakini taa haikuwaka. Jambo hilo lilituonyesha nini?
2. Kwa nini tulibadilisha globu tu?
3. Kwa nini fundi hakuweka fyuzi mpya mara moja?
4. Utachaguaje pingili za mihogo za kupanda?

Wasomeeni majirani wasiojua kusoma. Kwaheri mpaka mwezi ujao.

Bwana Shamba wenu