Karte ya fundi wa bomba isiwe kodi ingine



Kwetu, mtu akinunua ufunguo wa tiyo na gundi ya PVC leo, kesho anaitwa fundi wa bomba. Hakuna anayemuuliza alijifunza wapi. Tiyo inapitishwa ndani ya mufereji wa maji machafu, palipotoboka panafungwa na kipande ya mpira, na sisi tunakunywa.

Wengine wanasema ni shida ndogo, maji inavuja tu. Hapana. Maji ikikatika, presha inashuka ndani ya tiyo, na pale penye ufa uchafu wa inje unaingia. Maji ikirudi, ule uchafu unafika kwenye bidoni nyumbani. Sisi watu wa mashariki tunajua kolera. Goma hawajasahau 1994.

Kwa hiyo tunakubali: fundi wa bomba awe na karte ya kazi, na kazi yake ichunguzwe. Sheria ya maji ya tarehe 31/12/2015 ilifungua mulango ili hata watu binafsi wagawe maji, si Regideso peke yake. Matiyo ikiongezeka, uchunguzi nao uongezeke.

Lakini tuambiane ukweli. Inchi hii tunaijua: karatasi mupya, bariere mupya. Karte ikiuzwa ofisini, mwenye feza ataipata hata kama hajashika ufunguo siku moja. Na papa fundi aliyetumika miaka 20, aliyefundisha vijana wa kartie, atafukuzwa kama mwizi. Wakiomba diploma tu, ni vile vile. Sisi tuko na diploma za chuo kikuu na tunakaa bila kazi. Tunajua kama diploma peke yake haifungi tiyo.

Tunaomba mambo ine:

1. Mutihani uwe wa mikono. INPP iko tangu 1964 na inafundisha kazi hii. Ipime hata wale waliojifunza kwa bwana fundi. Jirani yetu Tanzania, VETA inapima mafundi wa namna hiyo na kuwapatia cheti.
2. Bei ya karte ibandikwe mulangoni na ilipwe benki, bila mutu wa katikati.
3. Majina ya wenye karte yawekwe wazi kwenye komini, mama mwenye nyumba aangalie mbele ya kutoa makuta.
4. Fundi akiharibu, kuwe na mahali pa kumushitaki, na karte iweze kunyanganywa. Kati ya wanaoamua, wakae wafundi wenyewe na wanainchi.

Kifungu cha 48 cha Katiba kinatupatia haki ya maji ya kunywa. Haki hiyo inapita ndani ya mikono ya fundi mbele ifike kwenye kikombe.

Wakubwa wa wizara ya mafunzo ya kazi, mukileta karte ya kulinda afya yetu, tuko pamoja. Mukileta karte ya kutafuta makuta, tutaikataa kwa amani, na bila woga.