Tunapaka Mawe Chokaa, Baiskeli Twaziacha Gizani

Kila mwendesha baiskeli anapogongwa usiku, hapakosi mtu matangani atakayetikisa kichwa na kusema kwamba ajali haina kinga. Methali hiyo ni ya kweli mahali pake. Yafaa kumliwaza mfiwa ambaye hakuweza kufanya lolote kuizuia siku ile. Lakini haikutungwa iwe udhuru wa uzembe, kwani lugha hii hii ndiyo iliyotufunza pia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo nataka kuzungumzia ajali ambayo kinga yake ipo, ni nyepesi na haihitaji kodi mpya wala tume ya uchunguzi. Nayo ni ajali ya mwendesha baiskeli anayegongwa kutoka nyuma gizani kwa sababu dereva hakumwona.

Asiyeijua pwani yetu ya Kilifi na Malindi huenda akadhani baiskeli ni chombo cha kuchezea watoto. Sivyo. Nchi hii ni tambarare, na kwa sababu hiyo baiskeli imekuwa punda wa maskini na farasi wa mwenye haraka. Mgema hupanda minazi yake asubuhi na jioni, kisha akafunga madumu yake kwenye keria na kuyapeleka mangweni. Mvuvi wa Mayungu huwahi soko kwa baiskeli kabla samaki hawajalegea. Vibarua wa mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, wapishi na watunza bustani wa mahoteli ya Watamu, wanafunzi wa shule za kutwa kule Tezo, Roka na Matsangoni, na walimu wao pia, wote hao hukanyaga pedali kwenda na kurudi. Lami wanayoitumia ndiyo hiyo hiyo ya mabasi, matatu na malori. Tangu daraja la Kilifi lilipofunguliwa mwaka 1991 na feri ya Mnarani ikapumzishwa, magari hayana tena pale pa kungojea zamu, na mwendo umeongezeka.

Jambo la pili ni jua lenyewe. Sisi tuko karibu na Ikweta. Hapa Malindi jua huchwa kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasorobo jioni, mwaka nenda mwaka rudi, na likishazama, nusu saa haipiti kabla ya giza kutanda. Nchi za kaskazini zina machweo marefu ambayo humpa msafiri nafasi ya kufika nyumbani. Sisi tumepewa machache. Kibarua anayefunga kazi saa kumi na mbili hana namna ila kupanda baiskeli mchana na kushuka usiku. Pale barabara inapopita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, hata mwanga wa dirisha la mtu hakuna.

Naomba sasa walimu wa hesabu waniazime ubao. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita takriban mita 22 kila sekunde. Tuseme dereva ni mzima, hakulewa wala hasinzii. Tangu aone kitu mpaka mguu wake ukandamize breki hupita kama sekunde moja na nusu, na gari limekwisha kwenda mita 33. Breki nzuri kwenye lami kavu nazo hutaka mita nyingine kama 35 kulisimamisha. Jumla ni karibu mita 70. Mtu aliyevaa nguo nyeusi juu ya baiskeli nyeusi, akimulikwa na taa zilizoinamishwa, aghalabu huonekana akiwa mbali kwa kiasi cha mita 30 hivi. Hesabu ni hiyo. Dereva anamwona mwenzake akiwa amekwisha kumfikia. Hata akiwa mwema kama malaika, hana tena pa kusimama. Lakini kama baiskeli ingeng'aa na kuonekana kutoka mita 150, dereva angekuwa na sekunde sita na zaidi za kufikiri, kupunguza mwendo na kupisha.

Hapo ndipo linapoingia suala la rangi. Nimewasikia watu wakidai kwamba rangi ni rangi, na kwamba baiskeli ikipakwa rangi yoyote iliyokoza itaonekana tu. Dai hilo linachanganya mambo matatu ambayo mwanafunzi wa sayansi hana budi kuyatenga.

Kuna rangi kali za manjano na chungwa ambazo huonekana kana kwamba zina moto ndani yake. Nguvu yake hutoka katika miali ya jua isiyoonekana kwa macho. Zinafaa sana mchana, na hasa magharibi mwanga unapofifia, lakini usiku wa manane zimekwisha kazi. Kuna rangi zinazonywa mwanga mchana na kuutoa polepole gizani, kama namba za saa ya mkononi. Zinapendeza, ila mwanga wake ni hafifu na hupungua kila dakika. Zafaa kuonyesha swichi ya taa chumbani, wala hazifui dafu mbele ya lori la chumvi. Ya tatu ni rangi yenye vijishanga vidogo mno vya kioo, na hii ndiyo inayotufaa. Mwanga unaopiga ukuta mweupe hutawanyika pande zote, na ni sehemu ndogo tu inayolifikia jicho la dereva. Lakini mwanga unaoingia katika kijishanga cha mviringo hupindwa, ukagonga mgongo wa kijishanga, ukapindwa tena ukitoka, na kurudi kule kule ulikotoka. Dereva, aliyekaa karibu na taa zake mwenyewe, hurudishiwa mwanga wake.

Si ajabu ngeni. Mistari ya barabarani hung'aa usiku kwa sababu vijishanga hivyo hunyunyizwa juu ya rangi ikiwa bado mbichi. Na shanga za kioo si ngeni pwani hii. James Kirkman, aliyeanza kuchimbua magofu ya Gede mwaka 1948, alizifukua pamoja na vigae vya Uchina. Mababu walizinunua kwa urembo, nasi tungeweza kuzinunua kwa uhai.

Wenzetu wamelijaribu jambo hili. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza mwaka 1939, na taa za Uingereza zikazimwa usiku kwa hofu ya ndege za Wajerumani, vifo vya barabarani viliongezeka sana. Dawa mojawapo ilikuwa chokaa na rangi nyeupe: kingo za barabara zilipakwa, bampa za magari zikapakwa, na madigadi za nyuma za baiskeli zikawa na doa jeupe. Mwaka 2015 kampuni ya magari ya Volvo ilitoa nchini Uingereza rangi ya kupuliza iitwayo LifePaint, isiyoonekana mchana lakini inayong'aa inapomulikwa na taa za gari. Rangi hiyo huoshwa ikatoka, na haidumu ila kwa siku chache. Kwa mpenda mavazi wa London hiyo ni sifa. Kwa mgema wa Takaungu ni kasoro, kwani yeye anahitaji kitu kitakachostahimili umande, mchanga na upepo wa chumvi kwa miezi mingi.

Kwa hiyo sipendekezi tukimbilie makopo ya ughaibuni. Napendekeza tuanze na kilicho karibu. Madigadi ya nyuma ikwanguliwe kutu, ipakwe rangi nyeupe ya mafuta, na juu yake ibandikwe kipande cha utepe unaoakisi mwanga, kama ule ulio nyuma ya malori. Rangi ya nyuma na iwe nyekundu, ya mbele nyeupe, ili dereva ajue kama chombo kinamwendea au kinamkimbia. Ubavuni, vipande vidogo vifungwe kwenye spoku za magurudumu, maana anayekata barabara huonyesha ubavu wala si mgongo. Pedali zisisahauliwe. Kitu kinachopanda na kushuka hutambuliwa mara moja na jicho la mwanadamu kuwa ni mtu, ilhali kinachong'aa kikiwa kimetulia chaweza kudhaniwa ni kigingi. Fundi anayetaka kutengeneza rangi yenyewe na anyunyizie vijishanga vya rangi za barabarani juu ya rangi mbichi. Asijaribu kusaga chupa: vipande vya chupa si mviringo, havirudishi mwanga ulikotoka, na vitamkata mikono.

Wapo watakaoniuliza: je, huku si kumtwika mnyonge mzigo wa mwenye nguvu? Dereva ndiye mwenye chuma na mwendo, kwa nini basi tumwambie anayegongwa ajipake rangi? Swali hili ni la haki, na hata Waingereza waliwauliza Volvo hilo hilo. Jibu langu ni kwamba wajibu mmoja haufuti mwingine. Rangi ya mwendesha baiskeli haimpi dereva ruhusa ya kwenda kasi, wala haiiondolei serikali deni la kujenga njia za baiskeli kandokando ya lami. Tena rangi ina mipaka yake. Haiwaki yenyewe. Gari lisilo na taa, au lenye chongo, haliwezi kurudishiwa mwanga ambalo halikuutoa. Ndiyo maana Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, pamoja na kanuni zake, inataka baiskeli iendeshwayo usiku iwe na taa mbele na alama nyekundu nyuma. Mwenye uwezo wa kununua taa na anunue. Lakini betri huisha na balbu huungua, na mtu hawezi kuambiwa asubiri njia za baiskeli zijengwe ndipo arudi kwa watoto wake jioni ya leo.

Yashangaza jinsi tulivyogawa huruma yetu. Malori yana mistari ya rangi nyuma. Waendeshaji pikipiki na abiria wao waliagizwa na sheria ya mwaka 2012 kuvaa jaketi zinazong'aa. Katika miaka ya karibuni zaidi ya watu elfu nne wamekuwa wakifa kila mwaka katika barabara za Kenya, na kila mara tunahesabu mabasi yaliyopinduka. Mwendesha baiskeli hufa mmoja mmoja, pembezoni, na habari yake haipati hata aya mbili gazetini. Akifa kidogo kidogo, hatuhesabu.

Nawageukia walimu wenzangu wa nchi hii. Ni shule gani ya pwani isiyopaka chokaa mawe ya njia iendayo ofisini kwa mwalimu mkuu? Kabla ya mkaguzi kuja, au siku ya wazazi, wanafunzi hushika ndoo na burashi, wakapaka mawe, mashina ya minazi na nguzo ya bendera mpaka vikameta. Mawe hayaendi popote wala hayagongwi na basi. Kisha jioni wanafunzi wale wale hupanda baiskeli zao nyeusi na kuingia barabarani. Ningependa kuiona shule moja tu, Ganze au Gede, ikitenga nusu ya rangi ya mawe kwa ajili ya madigadi za watoto wake.

Wala lisiwe jambo la rangi peke yake, bali liwe somo. Mwanafunzi na ashike tochi karibu na jicho lake, aumulike utepe ulio mbali gizani, kisha auweke mkono wenye tochi mbali na uso aone jinsi mng'ao unavyotoweka. Hapo atakuwa ameielewa sheria ya mwanga kuliko kwa kuikariri. Mtaala wa umilisi unadai kazi za kuihudumia jamii. Hii ni kazi ambayo haihitaji kubuniwa. Chuo Kikuu cha Pwani, kilichopata hati yake mwaka 2013 hapo hapo Kilifi, kingeweza kuwatuma wanafunzi wake wapime ni rangi gani hudumu katika hewa ya chumvi na kwa miezi mingapi.

Pana jambo moja zaidi ambalo rangi haiwezi kulitibu. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zilieleza kwamba shule za kutwa zisomeshe kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu, na michezo ikome saa kumi na moja kasorobo. Mtoto aliyeachiliwa wakati huo ana zaidi ya saa nzima ya mwanga wa kumfikisha kwao. Shule inayomzuia mpaka magharibi kwa ajili ya masomo ya ziada, au inayomtaka awe darasani kabla ya alfajiri kupambazuka, ndiyo iliyomtia gizani. Alama za mtihani ni kitu chema, lakini haziandikwi kwa jina la marehemu.

Mababu waliounda mitepe ya pwani hii walichora macho kwenye omo, ili chombo kione njia yake baharini. Baiskeli ya leo haihitaji kuona. Inahitaji kuonekana. Kibati kimoja cha nyuma, rangi kidogo, utepe wa urefu wa kiganja. Tukiyafanya hayo na bado msiba ukaja, basi tutakuwa na haki ya kukaa matangani na kusema kwamba ajali haina kinga. Kabla ya hapo, hatuna.