Kiwanja kitupu hulindwa na mwenyewe, si ukuta

Kisa hiki kinajirudia kutoka Diani hadi Malindi. Babu alinunua shamba, akafariki, na watoto wakatawanyika: huyu Nairobi, yule Maskati. Miaka mingi baadaye mjukuu anafika na hatimiliki ya babu mkononi, anakuta nyumba, kisima na watoto wakicheza. Anakimbilia kwa chifu, kisha kwa wakili, na huko ndiko anakoambiwa kwamba huenda shamba limekwenda.

Limekwendaje? Sheria ya ukomo wa kesi, Sura ya 22, inampa mwenye ardhi miaka 12 kumdai aliyeingia. Ikipita, aliyekaa humo waziwazi, mfululizo na bila idhini anaweza kuiomba Mahakama ya Mazingira na Ardhi imwandikishe kuwa mwenyewe. Wapo waliodai kuwa sheria hiyo inavunja haki ya kumiliki mali iliyomo kwenye Katiba ya 2010. Mahakama ya Rufaa iliyoketi Malindi ililikataa dai hilo mwaka 2015.

Wenye mashamba hukosea mambo mawili. Kwanza, hudhani barua ya wakili inatosha. Barua pekee haisimamishi hesabu ya miaka. Kinachoisimamisha ni kufungua kesi au kuirudisha ardhi mikononi mwako kihalali. Pili, hudhani kuuza kunaanza hesabu upya. La. Mnunuzi huirithi miaka iliyokwishapita, kwa hivyo nenda ukaione ardhi kwa macho kabla ya kutoa pesa.

Kinga kubwa iko katika neno moja: idhini. Anayekaa kwako kwa ruhusa hahesabiwi miaka. Basi ukimweka mlinzi au mtu wa kulima, andikianeni, hata kama kodi ni ya shilingi chache. Kagua kiwanja mara kwa mara na uthibitishe rekodi yako kwenye afisi ya ardhi. Na mirathi isingoje: gawaneni, mpate hati kwa majina ya walio hai. Miaka haisimami kwa kuwa marehemu hajarithiwa.

Hata hivyo, tuwe waadilifu. Si kila anayeitwa skwota ni mvamizi. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilitaka watu wa ukanda wa maili kumi wasajili madai yao, na ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Wengi waliamka wakajikuta wageni kwenye makaburi ya wazee wao. Ndiyo maana sheria ya sasa inataka notisi ya maandishi ya angalau miezi mitatu kabla ya kuwaondoa watu. Tingatinga la alfajiri halina nafasi katika sheria hiyo.

Shamba la Waitiki kule Likoni, ekari 930, ni funzo kwa pande zote. Mzozo ulidumu karibu miaka ishirini hadi serikali ilipolinunua na kuwagawia wakazi hati mwaka 2016. Si kila shamba litapata mnunuzi kama huyo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wiki hii, ulizana na ndugu zako: hati ya shamba letu iko kwa jina la nani, na ni nani aliyelikanyaga mara ya mwisho?